Sauti Iliyokuja na Ng'ombe

Simu yangu siku hizi imejaa makelele yenu. Mmoja ananirekodia difu, yale meno ya ekseli ya nyuma, inavyolia akiwa Kangeta, mwingine ananitumia giaboksi kutoka Embu, na chini ameandika, "Mzee Mutwiri, hii ni nini?" Mimi nimekaa hapa nyumbani Kanyakine, ndizi zinachemka jikoni, nasikiliza. Nasikia upepo. Nasikia redio ya dereva. Nasikia mtu akiuliza kama chai imebaki. Sauti yenyewe naipata kwa mbali, kama mtu anayekoroma nyumba ya pili. Halafu nawajibu kwa swali: inalia lini?

Najua linawaudhi. Mnataka niwatajie kifaa mkakinunue. Lakini vijana wangu, mahali sauti inapotokea ni vigumu kupajua, kwa sababu chuma huisafirisha. Ni kama nyumba ya kupanga: jirani akigonga msumari kwake, wewe unaangalia ukuta wako. Wakati inapotokea, huo haujifichi. Inalia ukipanda au ukiteremka? Ukikanyaga mafuta au ukiachilia? Ukikata kona? Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, ukikanyaga klachi, inabadilika? Ukishajua lini, nusu ya gari umeshaiondoa kwenye mashaka, na hata spana hujashika.

Palikuwa na pikapu ya kubeba miraa pale Kangeta. Ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, inapotoka sokoni pole pole, na ikishika lami inanyamaza kabisa. Wakabadilisha hafu shafti, wakabadilisha spaida, yaani ile misalaba ya chuma inayounganisha propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ikaendelea kugonga. Mwenyewe akaniambia, "Hii gari inaogopa mwendo mdogo, inataka tu mbio." Nikajiuliza, ni kitu gani hugonga polepole na hunyamaza kwa kasi? Nikafungua kifuniko cha gurudumu, nati ikaanguka mkononi. Fundi fulani aliisahau humo. Gurudumu likizunguka pole pole, nati inapanda na kuanguka. Likizunguka kwa kasi, nati inabanwa ukingoni, haina nafasi ya kuanguka. Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini. Nati ile sikuitupa mara moja. Niliitia tena ndani nikazungusha gurudumu kwa mkono, nisikie inavyofanya. Mke wangu husema hiyo ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote.

Tabia hiyo niliitoa kwa aliyenifundisha kazi, Fundi Idi, mtu wa Meru mjini. Fundi Idi alikuwa hasikii vizuri. Nyundo za gereji zilimla masikio mapema. Ungemwita mara mbili tatu ndipo ageuke. Lakini watu waliendesha magari kutoka Embu kumletea milio. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Anaweka ncha kwenye giaboksi inayozunguka, mpini anauuma kwa meno, anafumba macho. Meno yanapeleka mtetemo kwenye mfupa, mfupa unapeleka ndani kabisa ya kichwa, na masikio hayahitajiki. Mara ya kwanza nilipojaribu, nilisikia beringi zikizunguka katikati ya fuvu langu, laini kama mchele unaopepetwa. Nikasahau kula siku hiyo. Niliuma kila kitu kilichokuwa kinazunguka pale gereji, mpaka mashine ya kusaga ya jirani.

Fundi Idi alikuwa na neno moja alilolirudia. "Mutwiri, dereva anaweza kukudanganya kuhusu dizeli. Kuhusu sauti hakudanganyi, maana yeye ndiye analala nayo."

Sasa niwaambie habari ya Njeru.

Njeru alikuwa dereva, mtu wa Ishiara kule Mbeere, mrefu, mchache wa maneno. Aliendesha lori la tani saba, la zamani hata wakati huo, mali ya Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa na bucha Meru mjini, aliachiwa lori hilo na marehemu mume wake. Siku za soko Njeru anashuka nalo Ishiara, wanapakia ng'ombe na mbuzi, anarudi nalo kupitia Runyenjes, anavuka Thuci, anapita Chuka, anateremka Nithi, anapanda mpaka Nkubu na Meru. Mnaijua hiyo barabara. Ni bonde baada ya bonde, na yale ya Thuci na Nithi hayana msamaha.

Walikuja kwangu pamoja, na hilo pekee lilinionyesha kuna shida. Mwenye gari na dereva hawaji gereji pamoja mpaka wawe wameacha kuaminiana. Bi Rukia alishuka akiwa amejitanda mtandio wake, akasimama kivulini. Njeru akabaki karibu na gurudumu la mbele.

"Fundi," Bi Rukia akasema, "huyu kijana wangu anasema gari lina sauti. Nimepeleka kwa mafundi watatu. Wamebadilisha beringi ile ya katikati, wamebadilisha spaida, wamefungua difu wakafunga. Kila mmoja analiendesha mjini na kuniambia hakuna kitu. Mimi mwenyewe nimepanda, sikusikia kitu. Sasa yeye anakataa kwenda soko."

"Sijakataa, mama," Njeru akasema. "Nimesema gari itengenezwe kwanza."

"Itengenezwe nini? Nilikuambia unaota. Kama umechoka na kazi, sema, nitafute mtu mwingine."

Njeru aliangalia chini ya lori, pale katikati, kama mtu anayemtazama mnyama aliyejificha humo. Nilimwona, na nikaanza kutaka kujua.

Nikamchukua kando. Nikamwambia, "Usinieleze sauti ikoje. Nieleze inakuja lini."

Akafikiri. "Ikiwa tupu, hakuna. Nikipakia ng'ombe, hata sijafika Runyenjes, inaanza. Nikiwa napanda. Inanguruma kama mtu anasaga mahindi, na sakafu inatetemeka hapa kwa miguu. Nikiachilia mafuta inanyamaza. Nikiongeza, inarudi."

"Ukiwa na mbuzi peke yake?"

"Mbuzi hapana. Ni ng'ombe."

Bi Rukia akasikia hapo akacheka kidogo, kicheko cha kukata tamaa. "Umesikia, fundi? Sauti inachagua nyama."

Nami nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa kichwani. Mtu anayebuni hatabuni kitu kama hicho. Angesema gari linalia tu. Huyu alikuwa amepima, bila kujua kwamba amepima.

Nililiingiza lori kwenye shimo, nikainua nyuma, nikalikalisha kwenye magogo, nikamwambia Njeru alitie gia magurudumu yazunguke hewani. Nikauma bisibisi yangu. Giaboksi safi. Difu ilikuwa na mngurumo wa uzee, ule wa kawaida, kama mzee anayejisemea. Beringi ya katikati, ile inayoishikilia propela pale inapoungana vipande viwili, ilikuwa mpya na laini. Nikashika propela kwa mikono nikaitingisha juu na chini: hakuna kucheza. Nikatazama kama vipande vyake viwili vimefungwa kwa mpangilio, maana mkivifunga vimepishana jino moja, mtatafuta mtetemo mpaka mzeeke. Vilikuwa sawa. Wale mafundi watatu hawakuwa wajinga. Walifanya kazi yao vizuri, na kila kitu walichokiangalia kilikuwa kizima.

Nikakaa ukingoni mwa shimo na kikombe cha chai. Kila jaribio, langu na lao, lilifanywa lori likiwa tupu. Ni sawa na kumpima mtu anayelalamika mgongo unauma akibeba gunia, halafu unamwambia atembee mikono mitupu.

"Bi Rukia," nikasema, "nataka kulisikiliza likiwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wangu si vyombo vya majaribio, fundi."

"Hawatafanya kitu. Watasimama tu kama kawaida. Mimi ndiye nitapanda mbele nao wakiwa nyuma."

Akatafakari, akamtazama Njeru, akanitazama mimi. "Basi nami nitapanda," akasema. "Nataka nisikie kwa masikio yangu, au nisisikie."

Shida ilikuwa hii: ukiwa kwenye kebini unasikia, lakini huoni kilicho chini, na huwezi kulala chini ya lori linalopanda Runyenjes. Nililala na swali hilo. Asubuhi nilikuwa naosha uso nje, mbele ya jiko letu la zamani, lile la udongo lililopakwa chokaa na mama yangu. Pale ambapo nguzo moja ilikuwa imezama kidogo ardhini, chokaa ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kutoka juu hadi chini. Kwingine kote nguzo hazikusogea, chokaa ilikuwa nzima. Nilisimama pale na maji yakinitiririka shingoni. Kitu kikavu kilichopakwa juu ya kitu kinachosogea kitapasuka, na kitapasuka pale pale panaposogea.

Nikakoroga chokaa nzito kwenye debe. Nikaingia shimoni nikasugua matope yote chini ya lori kwa brashi ya waya, nikapaka kila kitu: miguu ya giaboksi, vishikio vya springi, mabano ya beringi, na vile vyuma vinavyokatiza chesisi, mifupa ya lori, kutoka upande huu hadi ule. Nikaacha ikauke. Bi Rukia alipokuja akainama, akachungulia.

"Fundi, umelipamba lori kama boma la chifu."

"Tutalisoma likirudi," nikamwambia.

Siku ya soko tukashuka Ishiara, sisi watatu mbele. Lori tupu lilikuwa tulivu kama alivyosema Njeru. Bi Rukia alinitazama mara kwa mara. Kule joto lilikuwa kali, vumbi la mifugo limesimama hewani, Bi Rukia akachagua ng'ombe wake kwa kuwapapasa mgongo, hana haraka. Mbuzi siku hiyo aliwaacha. Kabla hawajapakiwa niliingia chini nikaangalia chokaa. Nzima, haina hata ufa wa unywele.

Tukaanza kupanda. Njeru alitia gia ya tatu, akakanyaga mafuta, na ile sauti ikaja.

Ilianza kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, kisha ikawa nzito, ikasaga, sakafu ikatetemeka mpaka ndala za Bi Rukia zikasogea zenyewe. Njeru akaachilia mafuta. Kimya. Akakanyaga tena. Ikarudi.

Bi Rukia alishika ubao wa mbele kwa mikono yote miwili. "Ni hiyo?" akauliza.

"Ndio hiyo, mama," Njeru akasema. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Alionekana mtu aliyechoka kusikia peke yake.

Lazima niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilimwomba aachilie, akanyage, abadilishe gia, aachilie tena. Tuliteremka Thuci kimya, tukapanda upande wa pili na ile sauti imeturudia, kubwa kuliko mwanzo. Nilikuwa kama mtoto aliyesikia paka darini. Halafu tulipopita Chuka nikakumbuka kilicho mbele yetu, na furaha ikaniisha.

"Njeru, tafuta mahali pa kusimama," nikasema. "Kabla ya mteremko."

Akasimama kando ya barabara, penye tambarare karibu na shamba la mtu. Tukaweka mawe kwenye magurudumu. Ng'ombe wakiwa bado juu, wakikanyaga kanyaga na kukojoa, nikatandika gunia nikaingia chini na tochi.

Chokaa ilikuwa nzima kwenye giaboksi. Nzima kwenye springi. Nikafika kwenye kile chuma cha kukatiza, ambacho beringi ya katikati imening'inizwa kwacho, na hapo nikauona mstari. Ulianza kwenye tundu la ribiti, ule msumari mnene unaofunga chuma kwa chuma, ukapanda mpaka zaidi ya nusu ya chuma. Chokaa ilikuwa imekatika kama iliyokatwa kwa kisu, na ndani ya ufa palikuwa na unga mwekundu wa kutu, laini kama rangi ya mdomo. Mkiona unga huo mwekundu, vijana wangu, mahali popote kwenye gari, simameni. Kutu ya kawaida hukaa imeganda. Ile inayotoka kama unga ni chuma kinachosagana na chuma.

Nikaingiza ukucha kwenye ufa. Ukaingia.

Sasa ikanielea. Lori likibeba uzito mkubwa na kuvuta mlimani, chesisi inajipinda kidogo, ufa unafunguka, chuma kinashuka, na beringi nzima inashuka nacho. Propela inazunguka ikiwa imepinda. Ndiyo inayonguruma. Dereva akiachilia mafuta, nguvu inaisha, inatulia. Mbuzi ni wepesi, hawafungui ufa. Ng'ombe wanaufungua. Njeru alisema kweli tupu.

Lakini kilichonifanya nitoke chini pole pole ni kitu kingine. Kando ya ile propela lilipita paipu la upepo wa breki. Kile chuma kikikatika, propela inaanguka huku inazunguka, na cha kwanza itakachopiga ni hilo paipu, breki zikwishe. Mbele yetu, mwendo mfupi tu, barabara ilikuwa inateremka kwenda daraja la Nithi.

Niliwaeleza wote wawili, bila kupamba. Bi Rukia akatazama barabara, kisha akatazama ng'ombe. Bucha ilikuwa inamngoja na wateja wake wa kesho.

"Tukienda pole pole, gia ya kwanza?" akauliza.

Nilikuwa nafungua mdomo. Njeru akatangulia, bila kupandisha sauti. "Mimi sishuki hapo, mama. Unaweza kunibakiza au kunifukuza. Kuna watu kwenye ile daraja."

Bi Rukia akaenda kubisha kwa mwenye shamba, akaongea naye, akarudi. "Washusheni," akasema. "Ametupa uwanja wa kuwasimamisha. Nitampigia simu mtu wa lori Nkubu awafuate."

Tuliwashusha ng'ombe kwenye ukingo wa udongo, mmoja baada ya mwingine, Njeru akiwaongelesha Kimbeere. Wa mwisho alipotoka, nilirudi chini na tochi, kwa kutaka kujua tu. Ufa ulikuwa umefungika. Ungepitisha kidole juu yake usihisi kitu. Kama si chokaa iliyokatika, nami ningeapa chuma ni kizima, kama walivyoapa wenzangu watatu.

Nikamwita Njeru aje aone. Nyuma yake nikaona ndala. Bi Rukia alikuwa amejifunga leso nyingine juu ya nguo, akalala kwenye gunia, akajivuta mpaka tulipokuwa. Nikamwonyesha mstari. Aliugusa kwa kidole, kidole kikatoka chekundu. Tulikuwa tumelala sisi watatu, vichwa pamoja, chini ya lori lake.

"Njeru," akasema, "nilikuambia unaota."

"Uliniambia, mama."

"Sikuwa nimeingia huku chini." Akaugusa tena ule mstari. "Nisamehe."

"Hakuna shida," Njeru akasema, lakini aligeuza uso upande wa gurudumu, na nikazima tochi nijifanye nahifadhi betri.

Lori tulilirudisha Chuka tupu, pole pole. Wengi wenu mtauliza kwa nini sikuuchomelea tu ule ufa tukaenda zetu. Ufa uliochomelewa juu juu huhamia kando na kuanza upya, safari hii umejificha chini ya weldi. Ukilazimika kuuziba, toboa kwanza tundu dogo pale unapoishia, usiendelee kutambaa, ndipo uweke kipande cha chuma juu yake. Sisi hatukuuziba. Tulipata chuma kizima kutoka kwa lori lililokufa, tukakata ribiti za zamani, tukakifunga kwa bolti, na paipu la breki nikalihamishia upande wa nje wa chesisi, ambako propela haiwezi kulifikia hata ikitaka. Mabano ya beringi nikayapima kwa uzi, kutoka giaboksi mpaka difu, mpaka uzi ukakubali.

Soko lililofuata nilipanda tena nao. Hakuna aliyeniita, nilienda mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wamejaa. Tulipanda Runyenjes kimya, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tukateremka Thuci, tukapita Chuka. Nithi tuliteremka kwa gia ndogo, tukavuka daraja, watu wamesimama kando na mizigo yao, na Njeru akaanza ule mpando mrefu wa upande wa Imenti. Akakanyaga mafuta yote. Injini ikavuta. Sakafu ilikuwa tuli chini ya miguu yetu.

Katikati ya mlima Njeru akainamisha kichwa upande mmoja. Niliona Bi Rukia amekaza vidole kwenye leso yake.

"Nini?" akauliza. "Inasikika tena?"

"Hapana, mama," Njeru akasema. "Nasikia ng'ombe wanapumua. Miaka yote hii sijawahi kuwasikia."

Bi Rukia akashusha kioo, na sisi sote tukasikiliza mpaka Nkubu.